Trei 42 Baki 25: Kwa Nini Mafumbo ya Kugawanya Huwashinda Wanaojua Kugawanya

Mpe mtoto wa Darasa la Tano hesabu hii: 1,285 gawanya kwa 30. Atachora mstari wake wa kugawanyia, atanong'ona jedwali la 3, na baada ya muda atakuonyesha 42 baki 25. Hongera, amepata. Sasa mwambie hivi: mfugaji wa kuku wa Chanika ana mayai 1,285, anataka kuyapanga yote kwenye trei zinazobeba mayai 30 ili ayapeleke Buguruni. Anahitaji trei ngapi? Hapo kalamu inasimama. Au haisimami, na hilo ni baya zaidi: inaandika "42 baki 25", inapiga mistari miwili chini, kana kwamba kuna duka linalouza trei 42 baki 25.

Mfugaji anahitaji trei 43. Trei 42 zitajaa, mayai 25 yatabaki, na mayai 25 hayasafiri mfukoni. Hesabu ya mtoto ilikuwa sahihi kuanzia tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho, ila jibu lake halikuwa sahihi.

Wazazi wengi wa Dar es Salaam wakiona msalaba mwekundu kwenye swali la namna hii huamua kwamba mtoto hajui kugawanya. Anaongezewa tuisheni ya jioni, na huko anapewa hesabu nyingine arobaini za kugawanya zisizo na mayai wala mfugaji. Anazipata zote. Wiki inayofuata fumbo linamwangusha tena. Ni kumtibu mtu malaria wakati anaumwa jino. Ugumu wa fumbo la kugawanya mara nyingi haumo kwenye kugawanya kwenyewe. Umo kabla yake, pale mtoto anapoamua agawanye nini kwa nini, na umo baada yake, pale anapopaswa kulirudisha jibu kwenye mayai.

Wala si tatizo la shule zetu peke yake. Mwaka 1983 Marekani yalichapishwa matokeo ya tathmini ya kitaifa ambayo walimu wa hisabati duniani wanayataja hadi leo. Watoto wa miaka 13 waliulizwa: basi la jeshi linabeba askari 36, askari 1,128 wanasafirishwa kwenda mazoezini, yanahitajika mabasi mangapi? Karibu asilimia 70 waligawanya sawasawa na kupata 31 baki 12. Lakini asilimia 29 waliandika "31 baki 12" kama jibu, na asilimia 18 wakaandika 31, yaani waliwaacha askari 12 kituoni. Walioandika 32, jibu sahihi, walikuwa asilimia 23 tu.

Hapa kwetu swali hilo lina mtego wa ziada. Mtoto aliyezoea daladala za Gongo la Mboto anaweza kukujibu 31 akiwa na akili timamu: wale 12 si watasimama? Kwa kosta ya saa moja asubuhi hilo ni jibu la mtu anayelijua jiji lake. Mwalimu mzuri atamsikiliza kwanza kabla ya kuweka msalaba, kisha atamwonyesha kwamba fumbo limesema basi linabeba 36, na ndani ya fumbo konda hana ruhusa ya kubananisha watu. Mafumbo yana sheria zake na mtoto anahitaji kuambiwa hivyo waziwazi. Wengi hawaambiwi.

Agawanye nini kwa nini

Kitendo tunachokiita kugawanya kinafanya kazi mbili zilizo tofauti.

Wavuvi wanne wameuza samaki pale Feri na kupata shilingi 81,200. Wanagawana sawasawa. Kila mmoja anapata kiasi gani? Hapa tunajua mafungu ni mangapi (wavuvi 4) na tunatafuta ukubwa wa fungu moja.

Muuza nafaka wa Tandale ana kilo 96 za mchele. Anazifunga kwenye mifuko ya kilo 4. Atapata mifuko mingapi? Hapa tunajua ukubwa wa fungu, na tunatafuta idadi ya mafungu.

Kwenye karatasi hesabu zote mbili zinagawanywa kwa 4, na mtoto hatakosea sana asipozitofautisha hapo. Atakosea baadaye. Katika swali la wavuvi jibu ni shilingi, yaani ni kitu kilekile kilichogawanywa. Katika swali la mchele tumegawanya kilo lakini jibu ni mifuko. Mtoto asiyeiona tofauti hiyo ndiye anayeandika "kilo 24" badala ya "mifuko 24", na ikitokea baki hajui ni baki ya nini.

Ziko njia nyingi za kumsaidia. Ninayoiamini kuliko zote haina hesabu ndani yake: kabla ya kugusa namba, mtoto aandike sentensi ya jibu na kuacha nafasi wazi. "Trei zinazohitajika ni ____." "Kila mvuvi atapata shilingi ____." "Mifuko itakayopatikana ni ____." Sentensi hiyo ikishaandikwa, mtoto amelazimika kusoma swali hadi mwisho, na mwishoni ndiko swali liliko. Tena, akija na "42 baki 25", haliingii kwenye nafasi ile bila kuchekesha, na yeye mwenyewe ataona.

Walimu wengi huanza kwa njia nyingine: wanampa mtoto maneno ya kuvizia. Ukiona "jumla", jumlisha. Ukiona "alibaki", toa. Ukiona "kila mmoja", gawanya. Naelewa kwa nini, darasa likiwa na watoto zaidi ya mia moja unatafuta kitu kinachoshikika haraka. Lakini jaribu maneno hayo hapa: "Mwalimu aliwagawia wanafunzi madaftari 36, akabaki na 12. Alikuwa na madaftari mangapi?" Limo neno la kugawa, limo la kubaki, na jibu ni kujumlisha: 48. Au hapa: "Kila mtoto alipewa maembe 6. Watoto walikuwa 24. Yaligawiwa maembe mangapi?" Hapa neno "kila" linakwenda na kuzidisha: 144. Maneno ya kuvizia yanafanya kazi kwa mafumbo yaliyotungwa ili yafanye kazi. Mtunzi wa mtihani anayajua vilevile, na hutungia hapohapo.

Mtoto aliyezoeshwa kuvizia maneno na kunyakua namba hufika mbali kuliko tunavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa taasisi moja ya ufundishaji hisabati huko Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa madarasa ya chini: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa umri. Wengi walijumlisha wakapata 36, umri unaomfaa nahodha kabisa. Watoto wale hawakuwa wajinga. Shule ilikuwa imewafundisha kwamba kila swali lina jibu, na kwamba jibu hutengenezwa kwa namba zilizopo.

Namba zilizojificha

Jambo jingine la mwanzoni ni namba ambazo hazikuandikwa. Fumbo likisema "trei" bila kusema mayai mangapi, linategemea mtoto ajue ni 30. Dazeni ni 12. Korija ni 20, na mtoto wa mfanyabiashara wa Kariakoo analijua hilo tangu hajaanza shule, ilhali mwenzake wa mtaa wa pili anadhani korija ni jina la kitambaa. Kreti ya soda za chupa ni 24. Wiki ni siku 7. Saa ni dakika 60.

Chukua hili: mwenye duka la Mabibo alinunua kreti 16 za soda kwa shilingi 230,400. Kila kreti ina chupa 24. Chupa moja ilimgharimu shilingi ngapi? Mtoto anaona namba tatu na kuduwaa, kwa sababu amezoea mbili. Njia ya kwanza ni kutafuta bei ya kreti: 230,400 gawanya kwa 16 ni shilingi 14,400. Kisha bei ya chupa: 14,400 gawanya kwa 24 ni shilingi 600. Njia ya pili ni kuhesabu chupa zote kwanza, 16 mara 24, ni 384, kisha kugawanya 230,400 kwa 384. Zote zinafika kwenye 600. Nitampendekezea mtoto ya kwanza bila kusita: kugawanya kwa 16 na kwa 24 ni kazi ya kawaida, kugawanya kwa 384 ni adhabu. Na njia ya kwanza ina faida nyingine, kwamba kila hatua ina maana dukani. Shilingi 14,400 ni bei ya kreti, kitu unachoweza kumuuliza muuzaji. Mtoto asiyeweza kusema namba ya katikati ni ya nini, amepotea hata kama jibu la mwisho limetokea kuwa sahihi.

Njia ndefu kwa noti

Sasa tuje kwenye kugawanya kwenyewe. Gawanya, zidisha, toa, shusha. Gawanya, zidisha, toa, shusha. Watoto huimba hivyo, na wimbo huo unawafikisha. Kasoro yake ni kwamba hausemi kwa nini tunashusha, na asiyejua kwa nini tunashusha hajui la kufanya siku sifuri itakapojitokeza.

Rudi kwa wavuvi wanne na shilingi zao 81,200. Tuseme fedha ziko hivi: noti 8 za elfu kumi, noti 1 ya elfu moja, na sarafu 2 za mia. Anza na noti kubwa, kama ambavyo mtu yeyote angeanza. Noti 8 za elfu kumi kwa watu 4: kila mmoja noti 2. Hakuna iliyobaki. Njoo kwenye elfu moja. Noti ni moja na watu ni wanne, kwa hiyo hakuna anayepata noti ya elfu. Kila mmoja anapata sifuri, na noti ile bado iko mezani. Ichenji upate sarafu 10 za mia, changanya na zile 2, zimekuwa 12. Sarafu 12 kwa watu 4: kila mmoja 3. Kwa hiyo kila mvuvi ana noti 2 za elfu kumi, noti 0 za elfu, sarafu 3 za mia: shilingi 20,300.

Kushusha ni kuchenji. Ile 1 iliyoshindikana kugawanyika kama elfu, ukiishushia 2 ya mia, inakuwa 12 kwa sababu noti ya elfu ni mia kumi. Na ile sifuri ya katikati inaandikwa kwa sababu kila mvuvi alipata noti sifuri za elfu, na tusipoiandika noti zake za elfu kumi zitasomeka kama za elfu. Mtoto anayeimba bila kuelewa atasema "4 kwenye 1 haingii", ataruka, atashusha 2, na ataandika 2,300. Wavuvi watatoka Feri na shilingi 2,300 kila mmoja, jumla 9,200, na mtu mmoja atakuwa ameondoka na elfu sabini na mbili. Kwenye maswali ya kuchagua, usishangae ukikuta 2,300 imewekwa herufi yake, inamsubiri.

Kinga ni kuukadiria ukubwa wa jibu mapema. Elfu themanini kwa watu wanne ni kama elfu ishirini kwa kila mmoja. Jibu litakuwa na tarakimu tano. Weka nukta tano juu ya mstari kwa penseli, kisha zijaze moja moja. Nukta ikibaki wazi, umeruka kitu.

Kigawanyo cha tarakimu mbili kinaleta shida nyingine, ya kubahatisha. Matofali 8,964 yamebebwa na kirikuu kwa safari 36, kila safari idadi sawa. Kila safari ilibeba matofali mangapi? Hapa mtoto anakaa akijiuliza: 36 inaingia mara ngapi kwenye 89? Na kwenye 176? Anajaribu 5, anafuta. Anajaribu 3, anafuta. Karatasi inatoboka. Mitihani yetu ya shule ya msingi hairuhusu kikokotoo, kwa hiyo lazima apate njia.

Njia ipo, na ni ya kale ya Kiafrika. Waandishi wa Misri ya kale waligawanya kwa kuongeza mara mbili mbili. Ushahidi umo katika lile andiko la mafunjo alilolinakili mwandishi Ahmes karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, ambalo sasa liko katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Mafumbo yake ya mwanzo kabisa, kwa taarifa yako, ni ya kuwagawia watu 10 mikate. Tuazime ufundi wao. Pembeni ya karatasi andika 36 mara 1 ni 36. Irudie mara mbili: mara 2 ni 72. Tena: mara 4 ni 144. Tena: mara 8 ni 288. Basi. Hakuna jedwali la 36 la kukariri, ni kujumlisha namba na yenyewe mara tatu.

Sasa gawanya. Kwenye 89 inatosha 72, yaani mara 2, baki 17. Shusha 6, ni 176. Inatosha 144, mara 4, baki 32. Shusha 4, ni 324. Inatosha 288, mara 8, na inabaki 36, ambayo ni mara 1 nyingine. Kwa hiyo mara 9, baki sifuri. Kila safari ilibeba matofali 249. Orodha ya mistari minne pembeni inatosha kupata mara yoyote kuanzia 1 hadi 9, kwa sababu namba hizo zote hupatikana kwa kujumlisha 1, 2, 4 na 8. Sijui kwa nini haifundishwi zaidi. Labda kwa sababu inachukua nafasi pembeni ya karatasi, na tumewazoesha watoto kwamba karatasi safi ndiyo akili.

Njia ya mkato inayofundishwa sana ni kukata sifuri, na hii ina hatari yake. Una shilingi 47,500, daftari kubwa moja ni shilingi 2,000. Utanunua mangapi, na utabaki na shilingi ngapi? Kata sifuri mbili kila upande: 475 gawanya kwa 20. Jibu ni 23 baki 15. Madaftari 23 ni sahihi. Chenji ya shilingi 15 si sahihi. Ulipokata sifuri uliacha kuhesabu shilingi ukaanza kuhesabu mia mia, kwa hiyo baki ni mia 15, yaani shilingi 1,500. Kukata sifuri hakubadilishi jibu, lakini kunabadilisha baki, na lazima sifuri zilizokatwa zirudishwe kwenye baki. Watoto wanaokosea hapa mara nyingi ni wale wepesi, waliomaliza wa kwanza.

Baki ni ya nani

Mtoto akishapata "42 baki 25", kazi haijaisha. Baki daima ni kipande cha kile kilichogawanywa: tuligawanya mayai, kwa hiyo 25 ni mayai, si trei. Kinachofuata kinategemea swali limeuliza nini, na mayai yaleyale yanaweza kuulizwa kwa namna tatu. Trei ngapi zinahitajika ili yote yasafiri? 43. Akiuza kwa trei nzima tu, atauza trei ngapi? 42. Yale yasiyojaza trei atampa jirani anayekaanga chipsi. Jirani atapata mayai mangapi? 25. Hesabu ni moja, majibu ni matatu, na hakuna hata moja linaloandikwa "42 baki 25".

Kuna hali ya nne, ambapo baki nayo inagawanyika. Kilo 50 za unga kwa familia 4 ni 12 baki 2, lakini unga hukatika. Kilo 2 kwa familia 4 ni nusu kilo kila moja. Kila familia ipate kilo 12 na nusu, na anayeacha kilo 2 mezani amewapunja watu. Mayai, watu, magari na matofali havikatwi. Unga, kitambaa, mafuta, muda na fedha hukatwa, ingawa fedha ina mpaka wake: ukifika mahali ambapo hakuna sarafu ya kuchenji, inabaki baki.

Yapo pia mafumbo ambayo hayana baki na bado jibu la kugawanya silo jibu la fumbo. Haya ya nguzo na miti ndiyo yanayoniudhi zaidi, maana hayampimi mtoto kugawanya, yanapima kama amewahi kuonywa. Nguzo za taa zimesimikwa upande mmoja wa barabara yenye urefu wa mita 600, kutoka mwanzo hadi mwisho, kila baada ya mita 25. Nguzo ni ngapi? 600 gawanya kwa 25 ni 24. Lakini 24 ni idadi ya nafasi kati ya nguzo na nguzo, na nguzo ya kwanza ilikuwepo kabla ya nafasi yoyote. Nguzo ni 25. Mabasi ya mwendokasi yanayoondoka kila baada ya dakika 7 kuanzia saa 12:00 asubuhi hadi saa 1:24 yako hivyohivyo: dakika 84 gawanya kwa 7 ni 12, mabasi ni 13, kwa kuwa la saa 12:00 kamili nalo ni basi. Ila miti ikipandwa kuzunguka uwanja, idadi ya miti na ya nafasi hulingana, sababu ukimaliza mzunguko unarudi kwenye mti uleule wa kwanza. Usimkaririshe mtoto "ongeza moja". Mwambie achore nguzo tatu tu, ahesabu nafasi, kisha aamue mwenyewe.

Kuhakikisha jibu ni kazi ya dakika moja: zidisha jibu kwa kigawanyo, ongeza baki, uone kama umerudi pale ulipoanza. 42 mara 30 ni 1,260, ongeza 25 ni 1,285. Na baki lazima iwe ndogo kuliko kigawanyo. Ukipata baki ya 34 wakati ulikuwa unagawanya kwa 30, bado kuna trei moja ya kujaza. Uhakiki huu unakamata makosa ya katikati tu. Hautamwambia mtoto kama trei ni 42 au 43. Hilo atalipata akirudi kwenye ile sentensi yake yenye nafasi wazi na kuisoma kwa sauti.

Mzazi asiyekumbuka njia ndefu asione aibu, bado anaweza kusaidia, pengine kuliko anayeikumbuka vizuri na kumnyang'anya mtoto kalamu. Ageuze kazi. Badala ya kumpa mtoto fumbo atafute jibu, ampe hesabu iliyokwisha kufanywa, naye atunge fumbo. Kwa mfano 214 gawanya kwa 60, ni 3 baki 34. Tunga hadithi ambayo jibu lake ni 4. Mtoto wa Kigamboni atakupa pantoni haraka sana: magari 214 yako kwenye foleni, pantoni inabeba magari 60, itavuka mara ngapi kuyamaliza? Tunga nyingine ambayo jibu lake ni 3. Hapo atafikiri kidogo, kisha pengine atakuja na maembe 214 yanayojaza makapu ya 60. Ya jibu 34 ni rahisi kwake sasa: gari ngapi zitakuwa kwenye pantoni ya mwisho?

Kisha mwombe ile ngumu: hadithi ambayo 3 na 34 yote mawili yanasemwa kwenye jibu, na hakuna kinachoachwa wala kuongezwa. Mpe muda. Mpira ukiwa kwenye televisheni anaweza kuipata bila msaada, kwa sababu ni dakika 214, ambazo ni saa 3 na dakika 34. Na kama kuna simu karibu, mwache apige hesabu hiyohiyo kwenye kikokotoo, atapata 3.5666 na kuendelea, halafu muulize dakika 56 zimetoka wapi.